Tahajia ya Kiingereza Isiwe Mizani ya Akili za Wanetu

Miongoni mwa mambo yanayoletwa siku hizi mbele ya kamati za misikiti, yapo ambayo wazee wetu hawakuyatarajia. Zamani mzazi alikuja kueleza kwamba mwanawe anatoroka chuoni, au kwamba ustadhi amezidisha kiboko. Leo mzazi anakuja na daftari la shule mkononi, limejaa alama nyekundu za imla ya Kiingereza, naye anauliza kama mtoto anaweza kupunguziwa saa za madrasa ili apate nafasi ya masomo ya ziada. Sisi tuliokabidhiwa kazi ya kuandika kumbukumbu za vikao tumeliandika ombi hilo mara nyingi, hata tukaona linastahili kutoka nje ya kikao na kujadiliwa katika kurasa hizi, ambazo baba, mama na watoto huzisoma pamoja.

Hatuna ugomvi na Kiingereza. Ugomvi wetu ni na neno linalofuatana na daftari lile. Mzazi mmoja alitamka mbele yetu, na mtoto mwenyewe akiwa amesimama pembeni, kwamba binti yake "hana kichwa cha kusoma". Tulilichukua daftari tukalitazama. Mtoto alisomewa neno lenye maana ya usiku, akaandika "nait". Alisomewa neno la kikohozi, akaandika "kof". Alisomewa neno la kisiwa, akaandika "ailand". Tukayasoma kwa sauti yale aliyoyaandika, na yote yakatoka kama mwalimu alivyoyatamka. Binti yule alisikia vizuri, akakumbuka herufi zake, akaziweka kwa utaratibu aliofundishwa tangu darasa la kwanza: kwamba herufi ni amana ya sauti. Alichokosa ni kujua kwamba Kiingereza hakiutunzi mkataba huo kama Kiswahili kinavyoutunza.

Hebu tuutazame mtego wenyewe kabla ya kumlaumu aliyenaswa. Kiingereza kina maneno yanayomalizikia kwa herufi nne zile zile, o, u, g na h. Katika "though" zinatoa sauti ya "dho". Katika "through" zinatoa "thru". Katika "cough" ni "kof", katika "rough" ni "raf", na katika "bough", yaani tawi la mti, ni "bau". Herufi ni zile zile, nazo sauti ni tano. Mtoto aliyezoea kwamba "ba" ni "ba" katika baba, katika bahari na katika kibaba, anapokutana na jambo hili ana haki ya kushangaa.

Mambo haya yana historia, na mzazi akiijua hasira yake itapungua. Yapo maandishi ambayo ni kumbukumbu ya matamshi ya watu waliokufa zamani. Neno "knight", yaani askari mpanda farasi wa enzi za kale, leo hutamkwa sawasawa na neno la usiku, lakini Waingereza wa karne zile waliitamka ile k ya mwanzo, na gh yake waliitoa kwa sauti iliyo karibu na kha ya Kiarabu. Sauti zikafa, herufi zikabaki. Mwaka 1476 William Caxton alifungua mtambo wa kupiga chapa huko Westminster, London, na vitabu vikaanza kutoka kwa wingi. Wakati huo huo irabu za Kiingereza zilikuwa katika safari ndefu ya kubadilika, safari iliyochukua takriban miaka 300, kuanzia karibu mwaka 1400 hadi 1700. Neno "name", yaani jina, kwanza lilitamkwa kwa irabu iliyofanana na a yetu, kisha likahama kufikia tamko la leo. Wapiga chapa walikuwa wakizizoesha macho ya wasomaji tahajia moja huku ndimi za watu zikienda kwingine.

Juu ya hayo, wapo wataalamu walioongeza ugumu kwa hiari yao. Neno "debt", yaani deni, liliingia kutoka Kifaransa likiwa halina b. Wasomi waliokuwa wakikitukuza Kilatini walipoona kwamba asili yake ya mbali ilikuwa na b, waliirudisha katika maandishi ingawa hakuna aliyeitamka. Neno "island", kisiwa, halikuwa na s katika Kiingereza cha kale. Iliingizwa na watu waliodhani kwamba neno hilo ni ndugu wa neno la Kilatini, na dhana yao haikuwa sahihi. Hivyo mtoto wetu anapokatwa alama kwa kuiacha ile s, anaadhibiwa kwa kutolifuata kosa la mtu mwingine lililotimiza mamia ya miaka. Kamusi ya Samuel Johnson ilipotoka mwaka 1755, mengi ya mambo haya yalipata mahali pa kudumu.

Wenye lugha wenyewe hawakuridhika nayo. Nchini Marekani, Noah Webster alipunguza baadhi ya herufi katika kamusi yake ya mwaka 1828, ndiyo maana Wamarekani huandika "color" pale Waingereza wanapoandika "colour". Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliagiza idara ya uchapaji ya serikali yake itumie tahajia iliyorahisishwa kwa maneno 300, bunge likapinga na agizo likafifia. Mwandishi George Bernard Shaw, aliyefariki mwaka 1950, aliacha katika wasia wake fedha za kutafutia Kiingereza alfabeti mpya. Alfabeti hiyo ilitengenezwa, tamthilia yake moja ikachapishwa kwayo mwaka 1962, kisha watu wakaendelea kuandika kama zamani.

Watoto wao nao huionja shida hiyo. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, na wenzao walichapisha matokeo ya kuwalinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha mbalimbali za Ulaya. Wale wanaosoma lugha ambazo maandishi yake yanafuata matamshi, kama Kifini na Kiitalia, walikaribia kusoma kwa usahihi maneno yote ya kawaida waliyopewa mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule. Wanaosoma kwa Kiingereza walifikia takriban theluthi moja tu. Hao ni watoto walioisikia lugha hiyo tangu matumboni mwa mama zao. Basi ni insafu gani kumtaka mtoto wa Tandika au wa Ngamiani, ambaye Kiingereza hukisikia darasani na kukiacha darasani, avuke mto huo huo kwa kasi kubwa zaidi kuliko mwenyeji, na akichelewa aitwe mjinga?

Hapa tunaomba tuigeukie historia yetu sisi Waislamu, kwani ina somo katika jambo hili. Hati ya Kiarabu ya mwanzo haikuwa na nukta wala alama za irabu. Mwarabu aliyeijua lugha yake kwa ulimi aliweza kuisoma bila taabu. Uislamu ulipoenea na watu wasiozaliwa na Kiarabu wakaingia kwa makundi, makosa yakazidi, na makosa katika Kitabu cha Allah si jambo dogo. Wanazuoni wetu hawakukaa barazani kuwacheka wageni wale kwamba hawana vichwa vya kusoma. Inasimuliwa kwamba Abu al-Aswad ad-Du'ali, aliyefariki mwaka 69 Hijria, aliweka nukta za kuonyesha irabu. Waliomfuata wakaweka nukta za kutenganisha herufi zinazofanana, na katika karne ya pili Hijria al-Khalil bin Ahmad akatengeneza alama ambazo ndizo asili ya fataha, kasra na dhumma tunazowafundisha watoto wetu leo. Msomaji aliposhindwa, wao waliyafanyia kazi maandishi. Huruma yao ndiyo iliyotuwezesha sisi wa pwani hii, ambao Kiarabu si lugha ya mama zetu, kuisoma Qur'an Tukufu kuanzia Alhamdu hadi Nasi.

Na hata baada ya alama hizo, msahafu una mahali ambapo herufi iliyoandikwa si sauti inayosomwa. Neno la swala na neno la zaka yameandikwa kwa wau pale ulimi unapotoa alifu. Lamu ya "ar-Rahman" imeandikwa na haisikiki. Mtoto wa chuoni hukutana na mambo hayo kila siku, wala hatujamsikia mzazi akisema mwanawe hana akili kwa sababu ameitamka lamu isiyotamkwa. Mwalimu husoma, mtoto husikiliza, hurudia, hurekebishwa, hurudia tena, mpaka ulimi unazoea. Na kila mmoja wetu amefundishwa kauli ya Mtume wetu (S.A.W.) kwamba anayeisoma Qur'an kwa kukwamakwama na kwa taabu ana ujira mara mbili. Ikiwa dini imempa heshima hiyo mwenye kukwama, sisi tumepata wapi ruhusa ya kumvunjia heshima mbele ya ndugu zake kwa ajili ya s ya kisiwa?

Liko jambo la pili, nalo limefichika zaidi. Mizani ya nani anajua kusoma na nani hajui huwekwa na watu, na watu huihamisha. Huko Uingereza kwenyewe, sheria ya ndoa iliyoanza kutumika mwaka 1754 iliwataka maharusi watie saini katika daftari, na asiyeweza aliweka alama ya msalaba. Kufikia miaka ya 1840 karibu theluthi moja ya mabwana harusi na karibu nusu ya mabibi harusi waliweka alama hiyo, wakahesabiwa kuwa hawajui kusoma wala kuandika. Lakini kwa desturi ya wakati ule watoto wa maskini, hasa wasichana, walifundishwa kusoma kwanza, na wengi waliondoka shuleni kabla ya kufika kwenye kuandika. Wapo basi walioweza kusoma kitabu na wasiweze kuandika jina, na daftari halikuwa na mahali pa kulieleza hilo. Mwaka 1958 UNESCO ikaweka kipimo kingine: awe na uwezo wa kusoma na kuandika, kwa kuelewa, maelezo mafupi na mepesi kuhusu maisha yake ya kila siku. Kipimo hicho hakitaji Kiingereza, wala hakitaji aina ya herufi.

Katika pwani yetu mizani hiyo ilihama kwa namna iliyotugusa moja kwa moja. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi. Ziko barua kutoka Kilwa za mwaka 1711, zilizohifadhiwa Goa, India, ambazo ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya lugha yetu yaliyosalia. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi wa nasaha, mama akimuusia mwanawe kwa hati hiyo. Hati ile ilikuwa na upungufu, kwa kuwa Kiarabu kina alama tatu za irabu na Kiswahili kina irabu tano, na sauti kama p na ch hazina herufi zake. Lakini wanazuoni wa Mombasa walibuni alama za kuziba mapengo hayo, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa akitoa gazeti la Kiswahili kwa hati hiyo hiyo. Kisha ofisi na shule za wakoloni zikashika herufi za Kirumi, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasanifisha tahajia tunayoitumia leo. Tahajia hiyo ina faida kubwa, nasi tunaandika makala haya kwayo. Lakini mtu aliyelala akiwa msomi aliamka akiwa hajui kusoma, na hali elimu yake haikupungua hata herufi moja.

Hilo si jambo la vitabuni tu. Tulipokuwa tukiwaorodhesha walimu wa vyuo vya mtaa wetu, tulikwenda wawili kwa bibi mmoja ambaye amefundisha Qur'an kwa zaidi ya miaka 40. Fomu tuliyopewa ilikuwa na safu inayouliza kama mwalimu anajua kusoma na kuandika. Bibi akasema, "Andikeni sijui, wanangu. Mie sikusoma." Tulipomuuliza idadi ya wanafunzi wake, alinyanyua mkeka, akatoa daftari lililochakaa, akatusomea jina baada ya jina, nani amefika juzuu gani, nani mgonjwa, nani hajaleta ada tangu mfungo sita, na mbele ya jina la yatima mmoja, maneno ya Kiswahili kwamba huyu asidaiwe. Yote yameandikwa kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu. Mwanamke huyu alikuwa amefundishwa na maisha kwamba aandikacho si maandishi.

Mjukuu wake wa kike, aliyekuwa akitumalizia chai, anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza. Alituambia kwamba darasani huwa hanyooshi mkono tena, kwa kuwa siku aliyoisoma ile s ya "island" wenzake walicheka. Nyumba moja, watu wawili, wote wawili wanajua kusoma, na kila mmoja ameaminishwa kwamba hajui. Ndipo tulipoona kwamba jambo hili ni zito kuliko alama za mtihani. Mtoto akishaamini kwamba yeye si wa kusoma, huacha kujaribu, na mwisho huacha shule. Na bibi akishaamini hivyo, huona haya kumwambia mjukuu wake, "Njoo nisomee."

Mjumbe mmoja wa kamati, mfanyabiashara, alitusikiliza kikaoni kisha akasema, "Ndugu katibu, maneno mazuri, lakini mtihani hautasahihishwa kwa historia." Amesema kweli. Nchini kwetu elimu ya sekondari hutolewa kwa Kiingereza, na mtoto asiyekijua ataumia katika hesabu, katika baiolojia na katika kila somo. Hatusemi tahajia ipuuzwe. Tunasema ifundishwe kwa mlango wake.

Mlango wake ni upi? Kwanza, mtoto aambiwe ukweli: kwamba Kiswahili huandikwa kama kinavyosemwa, na Kiingereza huandikwa kwa mazoea na historia. Akijua hivyo, ataacha kujilaumu na ataanza kuchunguza. Pili, asikie kabla ya kuandika, kama afanyavyo chuoni. Neno lisilotiwa sikioni haliwezi kutulia kwenye daftari. Tatu, maneno yapangwe kwa koo. "Night", "light", "right" na "sight" ni ukoo mmoja, na aliyelijua moja ameyajua manne. Kumpa mtoto maneno 20 yasiyo na uhusiano ni kumbebesha mchanga kwa viganja. Nne, kosa lisahihishwe kwa kutenganisha kilicho sawa na kisicho sawa. Aliyeandika "nait" aambiwe kwamba sauti ameipata, sasa ajifunze vazi lake. Tano, asome Kiswahili kila siku, gazeti hili likiwemo, kwani aliyezoea kuelewa anachosoma katika lugha moja huudai uelewa huo katika lugha nyingine.

Na sita, ambalo ndilo tunalolisisitiza katika kurasa hizi za familia: mama au bibi asiyejua Kiingereza asijitoe katika elimu ya mtoto. Amkalishe, amwambie asome kwa sauti, kisha amuulize kwa Kiswahili, "Imesemaje hapo?" Mtoto asiyeweza kueleza hajaelewa, na kulitambua hilo hakuhitaji cheti. Kazi hiyo ilifanywa na mama zetu, wengi wao wakiwa wanatusikiliza kwa masikio huku mikono ikichambua mchele.

Kamati yetu haikupunguza saa za madrasa. Imeweka saa moja kila Jumamosi baada ya Alasiri, ambapo vijana wa sekondari huwasomea wadogo zao maneno ya Kiingereza kwa koo zake, na katika robo ya mwisho bibi tuliyemtaja huwafundisha wote kuandika majina yao na sentensi fupi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mjukuu wake ni miongoni mwa wanaokaa mstari wa mbele. Na katika ile fomu, kwenye safu ya kujua kusoma na kuandika, tuliandika "Ndiyo", tukamwomba mwenyewe atie saini yake kwa hati aijuayo. Fomu haikurudishwa.

Amri ya kwanza kumshukia Mtume wetu (S.A.W.) ilikuwa amri ya kusoma, na baada ya Badr wapo mateka waliojikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika. Umma uliopewa mwanzo huo haufai kuwa umma wa kuwakatisha watoto tamaa kwa kalamu nyekundu. Tumwombe Allah (S.W.) awafungulie wanetu milango ya elimu yenye manufaa, kwa lugha zote watakazozihitaji, na atujaalie sisi wazazi subira ya walimu waliotusikiliza tulipokuwa tukikwama katika alifu zetu. Amin.